Kichwa cha Mama Jovin

Kwetu mwanamke mtu mzima hakati nywele zote hivi hivi. Anakata akifiwa. Siku hizi wengi wameacha, najua, lakini nendeni mkamwambie hivyo mama yangu muone atakavyowajibu. Kwa hiyo Jumamosi ile wifi yangu Evelyne alipotoka chumbani na nywele zimebaki kidogo tu, za kushika kwa ncha za vidole, mama aliweka chini ungo wa maharage akauliza swali moja.

"Mama Jovin, nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Nimezikata tu. Zilikuwa zimeungua na dawa ya kunyooshea."

Amezikata tu! Mwanamke aliyekuwa na nywele za kufika mabegani, zimenyooka, nusu ya Nangara yetu hii inamwonea wivu, leo azikate tu? Na mumewe, kaka yangu Xaveri, yuko Mererani anachimba madini, hajui hili wala lile. Moyoni nikasema, wifi, hapo umetudanganya.

Maana kuna jambo nililijua. Wiki hiyohiyo kule Mutuka, kwao Evelyne, walikuwa wamemzika kijana mmoja mnunuzi wa alizeti, Yoakimu. Evelyne alikwenda mazikoni akarudi macho mekundu. Nilipomuuliza, eti alisoma naye. Alisoma naye! Mimi nimesoma na watu wengi, wengine wamekufa, sijamnyolea hata mmoja. Jumlisha mwenyewe.

Nilipomaliza kujumlisha nikamwambia mama, na mama ukimpa punje anakurudishia debe. Jioni ile alishampigia simu baba mdogo Sosthenes, akamwita na Xaveri arudi nyumbani. Shauri lilikuwa fupi: Evelyne amtaje marehemu wake, au arudi Mutuka akamlilie vizuri. Jovin, mtoto wa damu yetu, angebaki kwetu.

"Wewe Consolata unashinda naye," mama aliniambia. "Mchunguze. Siku ya kikao utasema ulichokiona."

Na vya kuona havikukosekana. Alichemsha mlenda, akauchuja kwa kitambaa, mboga akawapa kuku, ule ute akautia kwenye kopo akaingia nalo bafuni. Ebo! Nani anakula mlenda bafuni? Kesho yake akakata mshubiri nyuma ya nyumba, akaukamua, akajifungia tena. Akitoka kichwa kimefungwa kitambaa, na ukimwangalia anaangalia pembeni.

"Dawa hiyo," mama akaninong'oneza. "Anamfunga Xaveri asije akauliza."

Nikaona isiwe tabu. Alipoingia tena na kopo lake nilimfuata, nikasukuma mlango.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo alichokitundika msumarini, ute unamchuruzika shingoni, anacheka peke yake. Alivuta kishungi kimoja cha nywele hadi kikanyooka, akakiachia, kikarudi kujikunja. Akavuta kingine. Nilisimama pale na hasira yangu yote, sijui niiweke wapi. Mfiwa gani anacheka namna ile?

"Wifi, njoo uone," akasema. "Zinajikunja! Mimi nilikuwa sijui."

"Hujui nini? Kichwa si chako?"

"Ningejulia wapi? Shule ya msingi tulinyolewa, sekondari tukanyolewa. Namaliza tu kidato cha nne, mama akanipeleka salooni nikawekwa dawa. Sasa lini nimeziona?" Akajifuta shingo. Kisha akanitazama, sauti ikashuka. "Na wewe wifi, hilo wigi mbona hata jikoni hulivui?"

Nikamwambia hayamhusu, nikabamiza mlango. Hasira ilinipanda kwa sababu alikuwa amegundua. Chini ya wigi langu, mbele hakuna kitu. Dawa imekula kuanzia kwenye masikio inapanda, na kila zilipokatika nilipaka nyingine juu ya vidonda, nikitumaini safari hii zitanyooka na kukaa. Aibu ile sikuwahi kumwambia mtu, hata mama aliyenizaa.

Hata hivyo, sikumwamini Evelyne moja kwa moja. Mtu anaweza kucheka na bado akawa na siri yake. Kila alipopokea simu nilitega sikio, na kila aliposema Mutuka nilisogea karibu zaidi.

Kikao kilikaa Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa. Xaveri alikuwa amefika alfajiri, akakaa kwenye kiti karibu na mlango bila kumtazama mkewe. Baba mdogo akakohoa.

"Mama Jovin, tunakuuliza kwa heshima. Umemnyolea nani?"

"Sijamnyolea mtu, baba. Ni nywele zangu tu."

"Ndivyo wanavyosema wote," mama akadakia. "Dalili ya mvua ni mawingu! Consolata, sema ulichokiona."

Evelyne akanigeukia. Hakuniomba kitu. Asubuhi ile nilikuwa nimepita chumbani kwake nikaona begi lake limefungwa, na kitandani nguo za Jovin amezikunja moja moja, amezipanga, za kuziacha. Alishajua atakwenda bila mtoto.

Nikavua wigi.

"Yesu wangu!" mama akapiga yowe. "Consolata, mwanangu, umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na dawa, mama. Ileile iliyomuunguza huyu. Mnataka niseme nilichokiona? Nimeona mlenda na mshubiri. Anatibu kichwa chake, basi. Ningekuwa na akili ningejitibu na mimi. Haya, baba mdogo, niulizeni na mimi nimemnyolea nani!"

Baba mdogo aliigeuza kofia yake mapajani. Xaveri akainuka, akaenda alipokaa mkewe, akaweka kiganja juu ya kichwa kile kifupi, akakiacha hapo. Mama alinuna mpaka chakula cha mchana kikapoa, lakini habari za kumrudisha mtu kwao ziliishia pale, na begi likafunguliwa.

Ningependa kuwaambia kwamba mimi na wifi tukawa chanda na pete. Wiki iliyofuata nilimpelekea mkasi, nikakaa kwenye kigoda uani.

"Wifi, kata hizi zilizobaki. Halafu unifundishe."

Alikata taratibu, asije akagusa vidonda. Akaniambia zikiota tena nisizichane zikiwa kavu, nizilowanishe kwanza, nianzie nchani nikipanda kwenye mizizi kidogo kidogo, na nikimaliza nipake mafuta ya alizeti, siyo mengi. Sauti yake ilikuwa nzuri tu. Nikadhani yamekwisha.

Alipomaliza alikusanya nywele zangu zote kwenye gazeti, hata zilizoangukia chini ya kigoda, akaokota moja moja, akanikabidhi. Kwetu nywele zilizokatwa haziachwi ovyo, maana adui akizipata amekupata.

"Zichome mwenyewe," akasema, "na mimi nikiwa nimesimama hapahapa. Kesho kichwa kikikuuma, usije ukasema Mama Jovin alizipeleka kwa mganga."

"Wifi, mimi siwezi kusema kitu kama hicho."

"Ya Yoakimu ulishasema," akajibu, akanipa kiberiti.