Picha Bila Muntu

"Toa kamyo, Chanda! Toa kabisa, hata kivuli chake!"

Clovis alikuwa amesimama juu ya kichuguu kirefu kuliko nyumba, kamera yake ya sanduku ameibana tumboni, macho ameyainamisha kwenye kioo kidogo ambamo bonde zima lilitulia kama maji ndani ya bakuli. Chini, Chanda aliegemea mlango wa lori lake la makala, makaa ya kuni, akitafuna karanga.

"Foto bila kamyo, bila muntu. Nani atajua kama tulifika hapa?"

"Miye nitajua."

"Weye! Weye utakuwa Kasai."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Chanda akatema ganda, akapanda lori, akalisogeza nyuma ya miti.

Kilikuwa kiangazi cha 1962. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ina bendera yake, noti zake na jeshi lake, na wale waliopanga mambo hayo mezani hawakulala nje hata usiku mmoja. Waliotoka Kasai, na ambao baba zao walitoka Kasai, waliambiwa warudi kwao. Warudi! Clovis hakuwahi kuiona Kasai kwa macho. Baba yake aliletwa kwa mkataba, akapewa shoka, akakata kuni za garimoshi kwenye njia ya Sakania mpaka mgongo ukapinda. Garimoshi likapita, shaba ikapita, utajiri ukapita, mzee akabaki kando ya reli. Leo mwanawe ndiye mgeni. Wenye kusahau na wasahau.

Albertine, mke wake, alikuwa tayari kwenye kambi ya wakimbizi pamoja na watoto, chini ya turubai, akingoja treni. Zamu yao ilikuwa Alhamisi.

Juma zima Clovis alichapa nyuso katika duka la picha la Mgiriki mmoja mjini. Nyuso za vitambulisho: macho mbele, masikio yaonekane, usicheke. Jumapili alitaka kitu kisichopokea amri. Ndiyo maana alipanda lori la Chanda, Mulamba wa mtaa wa Annexe, kabila la wenyeji wa huku, aliyekwenda vijijini kuchukua makala, na njia nzima akawa anapiga ngumi paa la lori: simama, simama hapa! Hakuna aliyemfundisha kuipenda nchi hivyo. Aliipenda tu: moshi wa majani yanayochomwa unavyolala bondeni asubuhi, miti inavyotoa majani mekundu kabla ya mvua, kana kwamba imekosea msimu, barabara ya udongo inavyojipinda bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Zamani alishuka kwenye lori akicheka. Siku hizi alishuka kabla halijasimama.

Leo filimu ilibaki na nafasi mbili. Moja ni ya bonde hili. Ya mwisho aliitunzia kambi ya zamani ya wakata kuni, nyuma ya kilima kilichokuwa mbele yao, ambako kitovu chake kilizikwa. Watoto wake watakulia Kasai. Basi waione hata kwenye karatasi.

Wingu likalipisha jua. Bonde likawaka. Akabonyeza.

Papo hapo Chanda akapiga mluzi. Jeep ya askari ilikuwa inakuja. Walimwona kutoka kwenye kizuizi chao cha barabarani, mtu juu ya kichuguu na kitu cha kumeremeta mkononi. Clovis akateremka mbio, akachubuka goti. Wakapelekwa wote wawili kwenye kizuizi, lori likifuata jeep polepole kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Mkubwa wao aliitwa Rigobert, sajini mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Akaigeuza kamera huku na huku.

"Mu hii filimu muko banani?"

"Hamuna muntu, chef. Ni pori tu."

"Hata muntu moja?"

"Hata moja."

Alidhani ukweli utamwokoa. Kumbe ndio uliomponza, maana kwao picha ni mtu: koti la Jumapili, mkono juu ya baiskeli, mke pembeni. Nani anunue filimu apige majani?

"Foto ya njia, foto ya mutoni, foto ya kilima," sajini akasema. "Iyi ni foto ya ONU, bale ba Umoja wa Mataifa. Kesho banatuma ndege!"

Kidole gumba chake kikaenda kwenye kifuniko. Akifungua tu, jua litakunywa kila kitu.

Chanda akaangua kicheko. "Chef, usimusikilize uyu, iko na haya. Tuko natafuta bantu ba kupendeza tangu asubuhi. Njia yote ni mbuzi! Sasa tumebapata."

"Siye?"

"Nyiye, na bunduki yenu! Miye napita hapa kila juma. Juma ijayo nabaletea foto. Bule."

Sajini akawatazama askari wake. Kisha akavua helmeti, akalamba kidole, akalainisha nyusi. "Paulin! Funga vifungo. Unasimama kama mugonjwa."

Clovis akawapiga picha. Gogo la kizuizi likanyanyuliwa.

Walikuwa wamekipita kizuizi, kilima kikiwa karibu mbele, Clovis alipoigeuza kamera azungushe filimu. Kwenye kidirisha chekundu cha nyuma namba ilikuwa bado kumi na moja, ileile ya bonde. Desturi yake ilikuwa kupiga na kuzungusha, mkono haungoji kichwa. Lakini pale juu ya kichuguu mluzi ulimkata, na kizuizini bunduki zilimharakisha.

"Simama, Chanda. Nimebapiga juu ya bonde. Foto mbili mu nafasi moja. Batatoka na majani yanabaota mu tumbo."

Chanda akacheka mpaka akapiga usukani. Halafu kicheko kikamkauka, kana kwamba ameona wafu. "Kama bafu."

"Kama bafu."

"Na miye njo nitabapelekea."

Injini ilitetemeka chini yao. Chanda akautazama mti wa mbele, si rafiki yake.

"Tuende kwanza kwenu," akasema. "Nafasi yako hairudi tena. Miye nitasema filimu iliungua."

"Batakuacha?"

Chanda akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Njia ya makala ilikuwa hii hii.

Clovis akazungusha filimu hadi nafasi ya mwisho, akafungua mlango. Akarudi kwa miguu, haraka, kabla moyo wake haujambishia. Chanda akamfuata.

"Chef, foto moja haitoshi bakubwa kama nyiye. Napenda nipige ingine," Clovis akasema.

Rigobert alipendezwa, kisha akakunja uso. "Na weye? Kila foto uko nyuma ya kile kisanduku. Uko muntu wa wapi?"

Paulin, yule askari wa vifungo, akaacha kutafuna.

"Wa hapa," Clovis akasema. "Nilizaliwa nyuma ya kile kilima. Kambi ya kuni."

Sajini akakitazama kilima, akamtazama yeye, na hakuna aliyejua anapima nini. "Kuya basi. Simama na siye. Uyu mwenye makala akupige."

Wakamsukumia katikati. Mtu akamvika helmeti, ingali na joto la kichwa kingine. Mkono wa Rigobert ukamwangukia begani, mzito. Chanda aliishika kamera kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake, kilima kakipa mgongo.

"Angalieni hapa," Chanda akasema.

Askari wakakaza shingo. Clovis aliangalia juu ya bega la Chanda, kule ambako kamera haikuelekea. Nyuma ya kilima, kwenye ile kambi ambako hakuishi mtu tena, moshi mwembamba ulikuwa unapanda, kama wa jiko la mtu aliyebaki.