Dakika Moja ya Sabuni

“Mikono ya nani hino?”

Bi Mwanakhamis aliuliza bila kuondoa macho kwenye kompyuta. Tulikuwa kwenye banda la kikundi cha sabuni, kijijini Kiuyu, wanawake kumi na wawili juu ya jamvi moja. Kwenye kioo, mikono laini yenye hina mbichi ilikuwa ikisugua kipande cha sabuni mpaka povu likafura na kumwagika. Sauti iliyokuwa ikisifu sabuni ile ilikuwa yangu. Niliisikia nikaona haya, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa katika habari ya wizi.

Dakika moja ikaisha. Jina la kampuni likatokea kwa herufi za dhahabu.

“Kazija,” akaniita, “nakuuliza weye. Mikono ya nani?”

Nilikuwa na jibu. Nikainamia waya wa kompyuta.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha habari kutoka Unguja na simu moja nzuri niliyoiogopea hata umande. Kampuni moja ya mjini ilikuwa ikinunua sabuni ya mwani kwa kikundi cha kina mama wa kwetu na kuipeleka mahotelini. Msimamizi wake wa Pemba, Bwana Abrahman, alinipigia simu akasema anataka tangazo fupi la kuonyeshwa Chake Chake, siku ya maonesho ya wajasiriamali. Watakuja watu wa mahoteli. Wakiipenda, kikundi kitapewa oda ya mwaka mzima. Nikamwambia nitalifanya. Nikamwambia tena, kabla hajaniuliza, kwamba sihitaji vyombo vingi.

Na kweli sikuhitaji. Nilichukua vijiti vitatu vya mkoko, nikavifunga kamba ya mwani, nikapata pa kusimamishia simu. Taa ilikuwa jua la saa mbili asubuhi, na Mwanawema, jirani yangu, alisimama mlangoni na sinia la kupakulia pilau akilirudisha jua lile ndani ya banda. Alilisugua kwa majivu tangu alfajiri. Nilipomwambia apandishe kidogo, alipandisha, nilipomwambia asipumue, hakupumua. Bati la banda lilikuwa likirudisha sauti kama kisima, kwa hiyo tukasimamisha magodoro mawili ukutani. Simu ya Mwanawema tukaificha ndani ya mtandio wa Bi Mwanakhamis, karibu na kidevu, iwe ndiyo kinasa sauti. Majogoo tukawafukuza. Wakarudi. Tukawafukuza tena.

Sabuni ile ilikuwa yake Bi Mwanakhamis. Wengine walijifunza kwake. Yeye ndiye aliyejaribu mwani na mafuta ya karafuu miaka miwili, akamwaga masufuria na masufuria, mpaka siku moja ikaganda sawasawa na kunukia. Nilimwambia aseme anavyotaka. Akakaa juu ya kigoda, akaniangalia mimi badala ya simu, akaanza.

“Sabuni hino natengeza mie. Mwani twaupanda siye, twauvuna siye, twauanika, twausaga. Karafuu ni za hapahapa. Ukiogea, usiku unalala ngozi haikuwashi.” Kisha akainua mikono yake, akaigeuza kwenye mwanga wa sinia. Ilikuwa imepasuka pasuka, vidole viwili havina kucha nzima. “Na kostiki ndiyo inotufanya hivi. Dawa ile kali, bila hiyo sabuni haigandi. Tuliambiwa na kampuni glavu zaja. Huu mwaka wa pili.”

Nilikuwa nimezoea kuona mikono ile. Asubuhi ile, kwenye kioo kidogo cha simu, niliiona mara ya kwanza.

Nikahariri siku nne. Nilikuwa nimeandika maneno ya chini kwa Kiingereza ili wageni wafahamu. Sehemu ya glavu niliiacha ibaki humo. Nilijua si ya tangazo, lakini kila nikiikata niliona kama nimemkatiza mtu mzima akisema.

Bwana Abrahman aliitazama video ofisini kwake, kiyoyozi kikinguruma juu ya kichwa chake. Hakuwa mtu mkali. Alicheka kidogo, kwa upole, na upole ule ndio unaoniunguza mpaka leo.

“Umejitahidi, dada yangu. Lakini ‘hino’? Kwenye tangazo?”

“Ndivyo anavyosema.”

“Tunataka Kiswahili fasaha.”

“Watu wa mahoteli wanasoma Kiingereza hapo chini. Aseme hino, aseme hii, wao itawahusu nini?”

“Itatuhusu sisi.” Akaisimamisha picha pale mikono ilipoinuliwa. “Na hii ondoa. Yote. Nani ataoga kwa sabuni iliyotengenezwa na mikono hii? Inatisha.”

Nikamwambia mikono ile imekuwa hivyo kwa sababu glavu hazikuletwa. Akasema glavu ni suala la manunuzi, si suala la video. Akaongeza, kwa sauti ileile ya chini, kwamba oda ikikosekana kina mama watajua nani kaikosesha.

Hapo ndipo nilipoanguka. Laiti ningekuwa nimetukanwa, ningeondoka. Kumbe nilibembelezwa, nikabaki. Akamwita binti wa mapokezi, aliyekuwa na hina ya harusi ya dadaye. Tukaweka beseni juu ya meza, nikapiga picha mikono yake dirishani. Kisha nikajifungia chumba cha stoo nikasoma maneno yaliyoandikwa na ofisi, kwa Kiswahili cha redioni, herufi zote zimepigwa pasi. “Sabuni yetu.” Nilisema hivyo, “yetu”, mimi nisiyewahi kuikoroga hata mara moja.

Sasa kwenye jamvi nililazimika kumjibu. “Ya binti mmoja wa ofisini, Bi Mwanakhamis.”

“Anatengeza sabuni?”

“Hapana.”

Bi Masika, mweka hazina wa kikundi, akaingilia kwa haraka. “Basi tuache. Oda ije kwanza. Mikono si mikono tu?”

Bi Mwanakhamis aliingiza mikono yake ndani ya kanga, taratibu, mmoja baada ya mwingine, akainuka, akaenda kuangalia sufuria lake jikoni. Hakukuwa na kitu jikoni. Siku ile hawakupika sabuni.

Siku ya maonesho mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuendesha kompyuta ukumbini. Kwenye flashi nilikuwa na video zote mbili. Sikupanga. Au nilipanga bila kujiambia. Bwana Abrahman alisimama mbele akasema kampuni yake inawathamini wanawake wa Pemba kama mama zake, na watu wakapiga makofi. Kidole changu kikaenda kwenye ile ya kwanza.

“Sabuni hino natengeza mie.”

Ukumbi ukashtuka kwa furaha. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, “Hee, huyo wa kwetu!” Kicheko kikapita, kicheko cha watu waliosikia lugha ya nyumbani mahali ambapo hawakuitarajia. Kisha mikono ikainuka, imejaa ukuta mzima, na hakuna aliyecheka tena. Glavu. Mwaka wa pili. Mgeni mmoja wa hoteli alimgeukia Abrahman akamuuliza jambo. Abrahman akachomoa waya.

Oda haikuja. Si ya mwaka, wala ya mwezi. Mimi nilifukuzwa palepale mlangoni, na niliondoka kichwa juu, nikijiona nimelipa kila nilichokuwa nimevunja. Nikaenda moja kwa moja Kiuyu nikamweleza Bi Mwanakhamis. Nilitegemea atanikumbatia.

Aliniacha nimesimama uani.

“Mara ya kwanza ulinitoa, hukuniuliza,” akasema. “Leo umeniweka mbele za watu na mikono yangu, hukuniuliza. Weye na yule bwana, tafauti yenu ipi?”

Nilitaka kusema ipo. Hasira niliyokuwa nayo kwa Abrahman ilikuwa bado inachemka, na ilikuwa ya haki; hata sasa sijampunguzia hata kijiko. Lakini swali lile halikuwa lake, lilikuwa langu. Nikarudi nyumbani.

Miezi saba sikupita njia ile. Mwezi wa nane Mwanawema akaja kuniambia naitwa. Nilimkuta Bi Mwanakhamis bandani na wenzake watano, Bi Masika mmoja wao. Walikuwa wameacha kostiki mpaka wapate glavu wenyewe, na sasa walitaka kuwapelekea wanawake wa Shumba na Kengeja onyo la video kwa simu, wasiingie mkataba na kampuni yoyote kabla ya kupewa vifaa. Kila kitu walikuwa wameshakipanga: nani akae wapi, nani aseme nini, nani asionekane uso.

Nikasimamisha simu. Nikauliza, “Bi Mwanakhamis, nianze?”

Akajitengeneza mtandio. Akawaangalia wale wanawake mmoja mmoja, bila haraka.

“Ngoja, niwaulize,” akasema.

Nikangoja.