Kachomwa

Bi Sabuni aliuona mkia kabla ya kumwona mbwa. Mkia wenyewe ulikuwa umechomoza kwenye tundu la boksi, umegandamana na uchafu mkavu wa rangi ambayo hakutaka hata kuifikiria, na boksi lenyewe wifi yake alikuwa amelibwaga juu ya meza ya kupigia pasi, shubiri moja tu kutoka kwenye gauni la bibi harusi wa watu.

"Wifi, toa hicho kitu mezani kwangu."

"Si kitu, ni mtoto," wifi akajibu huku anacheka. "Mtoto wa mbwa, lakini mtoto."

Mtaani walimwita Bi Sabuni kwa sababu alikuwa dobi, na kwa sababu alikuwa na kinyaa kisichomithilika. Duka lilikuwa mbele, vyumba vya kuishi nyuma, na katikati pazia ambalo uchafu wa wateja ulikuwa na amri ya kutolivuka. Kutwa nzima alishika kola za jasho, shuka zenye mambo yake, na soksi ambazo ukizivua zinasimama zenyewe. Mtu akishinda na najisi za wenzie namna hiyo, akirudi chumbani kwake hataki kuona hata alama ya unyayo. Mumewe, fundi wa majokofu, alioga kwanza ndipo akasalimia, na hilo walishalizoea wote wawili.

Wifi yake alikuwa mtu wa huruma isiyo na breki. Kila alipopata mapumziko alikwenda kujitolea kwenye makao ya mbwa waliookotwa, na huko ndiko alikomtoa huyu, aliyekutwa mtaroni akiwa nusu mfu. Alimleta kwa ajili ya binti wa nyumba hiyo, mtoto wa miaka saba ambaye meno yake ya mbele yaling'oka karibu kwa pamoja, watu wakamwita Mapengo.

Mapengo alipochungulia ndani ya boksi alishika mashavu yake kwa furaha. "Mama, ona tumbo lake lilivyo duara!"

"Amenona huyo," akasema shangazi yake. "Tumwite Bonge."

Bi Sabuni naye akachungulia, kwa jicho moja. Mbavu za mbwa zilihesabika, lakini tumbo lilikuwa limejaa kama mpira. Macho yalikuwa na tongo za kijani. Nyuma ya sikio palikuwa na kupe aliyevimba, wa kijivu, anayeng'aa kwa shibe.

"Ameonwa na daktari?"

"Wifi, mimi nami nina akili zangu. Nilimuuliza mhudumu, kachomwa? Akaniambia kachomwa jana yake. Ondoa wasiwasi."

Neno hilo lilimtosha Bi Sabuni. Mapengo alipokuwa mchanga, kina mama kwenye foleni ya kliniki waliulizana hivyo hivyo: wako kachomwa? Kachomwa. Basi, mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine. Katika nyumba ile kuchomwa kulikuwa chanjo, na hakuna aliyewahi kuuliza mtu kachomwa nini. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini watu huuliza nusu swali wakaridhika na nusu jibu, kisha wakajiona wameuliza.

"Haya, akae," akasema mwishowe, kwa sababu mtoto alikuwa ameshapiga magoti. "Ila mnisikie vizuri. Atalala jikoni, karibu na mlango wa uani. Na atakayemgusa asinisogelee. Sitaki mate ya mbwa kwenye ngozi yangu."

Wifi akacheka, akidhani ni mzaha. Mapengo hakucheka.

Tangu hapo nyumba ikawa na harufu. Bi Sabuni alipiga deki asubuhi, akapiga deki mchana, akamwaga dawa yenye harufu ya ndimu, na harufu ikamngoja tu mpaka amalize. Ilikuwa harufu ya kitambaa kibichi kilichosahauliwa ndani ya ndoo, pamoja na kitu kingine kitamu-kitamu ambacho kilimfanya ameze mate mara mbili mbili. Bonge alijisaidia popote alipokuwa, tena uji, na akaukanyaga. Alijikuna mpaka magamba ya ngozi yakabaki sakafuni kama unga. Bi Sabuni alizoa hayo yote kwa kipande cha ubao, uso ameugeuzia ukutani.

Kisha kiroboto akavuka pazia. Alimwona akiruka kwenye kola ya shati jeupe la mteja, kidoa cheusi chenye miguu, na kabla hajambana kwa kucha alikuwa ameshazama mfukoni. Shati hilo alilichemsha upya, akalipiga pasi, akalikagua, akalirudia. Usiku aliota anawashwa, akaamka kweli anawashwa.

"Mrudishe kwa dada yako," akamwambia mumewe.

"Muache azoee kwanza. Mbona katulia tu? Ana adabu kuliko sisi."

Ni kweli Bonge alikuwa ametulia. Alilala kutwa na pua kwenye kigae, hachezi, habweki. Walimsifu kwa utulivu huo. Ugonjwa ulikuwa umemlaza chini, nao wakamwona ana malezi mema.

Jumapili, wakiwa mezani, Bonge akatapika katikati ya jikoni. Kwanza povu la njano. Halafu tumbo likajikunja, shingo ikarefuka, na kikatoka kifundo cheupe ambacho Bi Sabuni alidhani ni tambi, mpaka tambi zilipoanza kunyonganyonga. Minyoo hai, mirefu, laini, inajiviringisha ndani ya ute wake na kutafuta pa kwenda. Bi Sabuni aliziba mdomo kwa mkono, akakimbilia sinki, akatapika na yeye. Aliporudi alikuwa na ghadhabu ya mtu aliyedhalilishwa jikoni kwake. Akavaa glavu, akambeba mbwa kwa ngozi ya shingo, mikono ameinyoosha mbali na mwili, akamtupia uani kwenye kigunia kando ya mfereji wa maji ya kufulia.

"Alale huko huko," akasema. "Mchafu mkubwa."

Mapengo alisimama mlangoni, mikono nyuma, anatazama.

Kulipokucha Bonge alikuwa amekufa. Kigunia kilikuwa kimelowa damu nyeusi iliyomtoka nyuma, na inzi walishafika. Kusema kweli, Bi Sabuni alipumua. Alimtia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga, akautia kwenye mfuko wa pili, akaupeleka mwisho wa uchochoro na kuutupa kwenye pipa kubwa la chuma la taka. Uani akaumwagia dawa ya kung'arishia mpaka macho yakamtoka machozi. Ndipo akampigia simu wifi yake.

Wifi alilia, kisha akawapigia watu wa makao kuwapa taarifa. Mchana akaingia dukani anahema, mkoba wazi, uso umempauka.

"Wifi, kaa kitako."

"Nina pasi mkononi. Sema."

"Nimeongea na daktari wao wa mifugo. Bonge alichomwa kweli. Alichomwa dawa ya upele. Chanjo alikuwa hajapata hata moja. Walitaka nimrudishe wiki inayofuata achanjwe, ila mhudumu hakuniambia, wala mimi sikuuliza. Na daktari anasema mtoto wa mbwa aliyeokotwa haingizwi nyumbani kwenye mtoto kabla hajapewa dawa ya minyoo na kukaguliwa. Lakini si hilo alilokuwa akiliuliza sana. Anauliza, je, amemng'ata mtu? Maana mbwa wa mtaroni, hajachanjwa, tena amekufa, huwezi kujua kama hakuwa na kichaa cha mbwa."

Bi Sabuni aliisimamisha pasi. "Nani amng'ate, na hapa hakuna aliyemgusa? Si nilipiga marufuku?"

Aliyasema hayo kwa fahari. Hata hivyo alipita pazia kwenda kumnawisha Mapengo mikono, kwa sababu kunawa ndilo jambo alilolifanya kila alipopata hofu. Mtoto alikuwa kitandani, sare ya shule bado mwilini. Alipoambiwa anyooshe mikono alinyoosha mmoja.

"Na mwingine."

"Huo msafi."

Bi Sabuni akauvuta. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na plasta iliyofungwa kitoto, juu ya plasta nyingine, zote zimeshika rangi ya chai. Alipozibandua, harufu ilimpiga usoni, ile ile ya jikoni. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu mpaka kwenye fundo, na katikati palikuwa na matundu madogo mawili yanayotoa usaha. Kichefuchefu kilimpanda kooni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukipa nafasi.

"Bonge?"

Mapengo akatikisa kichwa kukubali. "Nilimpa ngozi ya kuku. Hakunifanyia makusudi."

"Lini?"

"Alhamisi."

Bi Sabuni alimbeba mpaka kwenye bomba la kufulia, akafungua maji, akachukua mche wa sabuni, akaosha. Aliosha kwa vidole vyake vitupu, usaha ukimchuruzikia kiganjani, mtoto analia, wifi naye analia, maji yanatiririka tu bila kufungwa. Hakutia dawa ya kung'arishia wala majivu wala kitu kingine. Maji na sabuni, kwa muda mrefu, kama daktari wa mifugo alivyokuwa akielekeza kwenye simu, wifi amempigia tena. Kisha wakaenda hospitali kwa miguu, kwa sababu kungoja usafiri kulimshinda.

Nesi aliyewapokea alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alikitazama kidole, akawatazama wao. "Mmefanya vizuri kuosha. Ila mngekuja siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikishaanza kujionyesha kwa mtu, sisi hatuna la kufanya. Kabla hakijaanza, sindano zinakizuia. Kwa hiyo tunaanza sasa hivi." Akavuta dawa. "Mbwa mwenyewe yuko wapi?"

"Amekufa. Nimemtupa."

"Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, apimwe ubongo. Hapo tutajua mtoto alikuwa kwenye hatari gani. Mkimpata."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwinua Bi Sabuni kitini. Lori la taka lilikuwa linapita Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alimwacha mtoto na shangazi yake, akarudi mbio. Pipa lilikuwa bado pale, na juu ya taka zake majirani walikuwa wameshaongeza zao. Alivaa glavu zake ndefu za kufulia, akafunga kitambaa puani, akapanda tofali, akaingia mzima mzima. Alizama mpaka magotini. Nepi zilipasuka chini ya miguu yake. Kitu cha majimaji kiliingia kwenye kiatu, cha uvuguvugu, naye akakiacha kiingie. Alichambua maganda, vichwa vya samaki vyenye funza, mchele uliochacha unaonata kama gundi. Alitapika mara moja pembeni, akaendelea. Mama mmoja aliyekuja kumwaga ndoo alimtambua, akabaki mdomo wazi.

"Bi Sabuni? Umepoteza nini, dhahabu?"

"Mbwa," akajibu, wala hakuinua kichwa. "Usimwage hapa, mwaga kule."

Mfuko aliupata chini kabisa. Wa juu ulikuwa umechanika, wa ndani umetuna kwa gesi. Aliubeba kwa mikono yote miwili, taratibu, asije akauvunja, akavuka barabara nao huku watu wakimpisha na kuziba pua. Kwa daktari wa mifugo hakuruhusiwa kupita mapokezi. Waliupokelea mfuko mlangoni, wakamwonyesha bomba.

Siku chache zilizofuata hakuna aliyekula akashiba katika nyumba ile. Bi Sabuni aliunguza suruali ya mteja, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Kila Mapengo aliposema ana kiu alimtazama koo mpaka maji yashuke, maana alisikia kwamba mwenye kichaa cha mbwa huyaogopa maji. Hatimaye simu ikapigwa: mbwa hakuwa na kichaa. Kilichomuua ni ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa wasiochanjwa, juu ya minyoo iliyokuwa imemjaa. Sindano za mtoto zingeweza kusimamishwa, ila kidole kiendelee kutibiwa, naye ameze dawa ya minyoo. Wifi alikaa chini sakafuni dukani, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kesho yake Bi Sabuni alimpeleka Mapengo kubadilishwa bandeji. Walikaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha nesi, na hapo, kwa kuwa hofu ilikuwa imekwisha, akapata nafasi ya kuuliza.

"Mwanangu, kwa nini ulinificha? Ungekufa nami nimekaa hapo hapo napiga pasi."

Mapengo alikuwa anazungusha miguu hewani. Alifikiri kidogo.

"Nilitaka kukuambia Jumapili. Lakini Bonge alipotapika ukamtoa nje, akalala huko. Na kidole changu kilikuwa kimeanza kunuka."

Aliyasema bila kinyongo, kama mtoto anayeeleza kwa nini alivaa sweta. Nesi akaita jina linalofuata, nalo lilikuwa lao. Bi Sabuni alimwinua mtoto, mkubwa vile, miguu inaning'inia, akakichukua kile kidole chenye bandeji iliyoloa akakishikilia shavuni kwake, wakaingia ndani.