Gari la Thuranira Lilipokataa Kona ya Tatu

Ijumaa, saa nane mchana, Thuranira alikaa barazani kwake Githongo, mgongo ameuegemeza ukutani ili mtu asije akamchungulia kwa nyuma. Mezani kulikuwa na gari dogo la rimoti lililovuliwa bodi, na kando yake kifuniko cha sufuria kilichojaa skurubu. Alizihesabu. Zilikuwa ishirini na sita, vilevile kama asubuhi. Akazihesabu tena, maana mkewe alikuwa amepita hapo na chai.

Gari lenyewe lilikuwa la bei rahisi, plastiki tupu, la kuchezewa sebuleni. Lakini kwa miezi minne Thuranira alikuwa hajalipumzisha. Bushi za plastiki alizing'oa akaweka beringi. Shoki zilizokuja nalo alizitupa, akaweka za mafuta, mazito mbele, mepesi nyuma. Aliweka mota mpya, akazipanga gia zikabaki na mwanya wa unene wa karatasi, akayalaza magurudumu ndani kidogo ili yashike kwenye kona. Ulibaki uzito tu. Alipoliinua gari juu ya ncha za bisibisi mbili, moja mbele na moja nyuma, lililalia upande wa betri. Wenzake wa Meru mjini na Embu walikuwa wakibandika vipande vya madini ya risasi upande mwepesi. Thuranira hakuwa navyo, na kuomba hangeomba ng'o, kwa sababu ukiomba uzito watu wanajua gari lako limeinamia wapi.

Akaenda stoo ya marehemu baba yake, mzee Mwongera. Nyuma ya magunia ya kahawa alipata chuma kirefu kama mkono, kichwa kimepondwapondwa na nyundo, kimeviringishwa kwenye kitambaa na kufungwa kamba mara tatu. Ajabu ya mtu huyu: alishuku chai ya mkewe, lakini hakujiuliza kwa nini mzee afunge chuma chakavu kama mtu anayefunga hati. Alikata kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa msumeno, akakibandika kwa gundi chini ya gari. Gari likakaa sawa kabisa.

Jumamosi klabu yao ya magari ya rimoti ilikuja. Walikutana kwake kila wiki kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa na uwanja wa kutosha, sehemu ya chini ya shamba, aliyoimwagia simiti yote mpaka kwenye ua wa jirani yake, mjane aliyeitwa Ntinyari. Njia ya mashindano waliipanga kwa mipira ya maji ya kunyunyizia kahawa dawa. Fainali ya mwaka ilikuwa imebakiza wiki mbili, na Thuranira aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Mzunguko wa kwanza gari lake lilimwacha Njuki, mwalimu wa Embu, mbali sana. Mzunguko wa pili pia. Kwenye kona ya tatu ya mzunguko wa tatu likakataa kukata. Likapanda mpira wa maji, likaenda taratibu hadi katikati ya uwanja, likasimama, pua imeelekea nyumbani kwa Ntinyari.

"Wewe Njuki, zima hiyo kitu yako," Thuranira akasema.

"Kwani mimi nimefanya nini?"

"Unaniingilia mawimbi. Nimekuona ukishika mfuko."

Njuki akazima rimoti yake, akatoa betri zake zote, akamkabidhi Wambeti, katibu wa klabu, mwanamke asiye na mzaha aliyetembea na kitabu cha kanuni kwapani. Thuranira akajaribu tena. Gari likaenda palepale, likasimama vilevile. Wiki nzima iliyofuata alibadilisha mota ya usukani, akafungua difu, gia za ekseli ya nyuma, na kuipaka grisi upya, akanunua rimoti nyingine na kuificha chini ya mto wa kulalia. Jumamosi gari likakataa kona ya tatu.

Basi akalitoa betri. Gari likaenda hadi palepale.

Njuki alilalamika kwamba huo si uungwana. Wambeti akafungua kitabu, akasoma kwa muda, kisha akatoa uamuzi: kanuni zinakataza betri iliyozidi kiasi, na betri ambayo haipo haiwezi kuzidi. Wakamwomba Thuranira aliondoe gari lake njiani ili wengine waendelee. Hakuweza kuliinua. Lilikuwa limeng'ang'ania pale, likitetemeka kidogo, na chini yake simiti ilikuwa ikiingia ndani polepole, mpaka pakawa na shimo la kupitisha vidole viwili. Fundi mmoja wa nyumba aliyekuwa klabuni alisema kokoto zilikuwa chache.

Ntinyari alikuwa ng'ambo ya ua akichuma kahawa. Alitua kikapu, akapenya kwenye pengo, akaja mpaka shimoni akitegemea fimbo yake.

"Hapo ndipo," akasema. "Nilikuwa nawaambia."

"Hapo ndipo nini, mama?" Wambeti akauliza.

"Chuma cha mpaka. Siku wapimaji walikuja nilikuwa na mimba ya Kithaka wangu. Wakakigonga hapa, tukachinja mbuzi, baba ya huyu akala mguu mzima na kusema mpaka umekubalika. Masika nikaenda Igoji kuzika mama. Nikirudi, ua umeruka hatua kumi na moja kwangu, na chuma hakuna."

Alieleza bila kupandisha sauti. Wazee walikaa kikao mara tatu, na mara zote tatu walimwambia alete chuma, maana bila chuma hayo ni maneno ya mwanamke tu. Kithaka wake sasa ana mvi na anapanga chumba Embu, kwa sababu kile kipande cha shamba kilichobaki hakitoshi nyumba.

Kisha akainama, akatazama chini ya gari, akamgeukia Thuranira.

"Mwanangu, hicho chuma umekitoa wapi?"

Thuranira aliikumbuka ile kamba iliyozungushwa mara tatu, akaelewa yote kwa mara moja. Maneno matatu tu, stoo ya baba, mbele ya mashahidi tisa, na yule mama angerudishiwa ardhi yake jioni hiyohiyo. Lakini uwanja ungekatwa katikati. Na fainali ni Jumamosi ijayo. Na baba yake angegeuka mwizi kaburini, akiwa mzee wa kanisa.

"Nilinunua soko la Gakoromone," akasema. "Kwa wale wa vyuma chakavu."

"Ulinunua."

"Ndiyo, mama."

Ntinyari akarudi kwenye kahawa yake. Njuki alianza kufunga mkoba wake, na Thuranira akamshuku kwa jinsi alivyoufunga.

Walipoondoka wote gari likakubali kuinuliwa. Alikibandua kile kipande, akakibeba pamoja na chuma kizima hadi mtoni, akavitupa penye maji mengi. Jumapili alipotoka kanisani alikuta chuma kimesimama shimoni wima, kirefu kama mkono, kimejiunga pale kilipokatwa. Alikifunika kwa karai. Karai likakutwa kando. Alikigonga kwa nyundo kizame, na majirani wawili wakasimama kumtazama, wakamwambia apige upande wa kushoto, huenda kikashuka. Hakikushuka.

Jumanne Wambeti alikuja kukagua uwanja, akazunguka chuma mara mbili, akasema klabu haina neno. Njia ilipangwa upya, kona ya tatu ikizungukia hapo, na chuma kikapakwa rangi nyekundu na nyeupe ili madereva wakione. Wote walikubali kwamba kona ilikuwa imependeza. Ua ulibaki ulipokuwa. Gari la Thuranira, sasa likiwa na uzito wa risasi aliouagiza Nairobi kwa jina la mkewe, lilipita hapo bila kutikisika, ila yeye mwenyewe hakuweza kupita bila kumkagua kila mtu aliyekuwa akikitazama kile chuma. Usingizi ulimpotea. Aliwashuku hata watoto wa shule waliokuwa wakicheka barabarani.

Siku ya fainali watu walijaa. Wambeti aliweka meza langoni na daftari la wageni, kwa sababu klabu ya Embu ilitaka kila kitu kiandikwe. Ntinyari alikuja amevaa gauni lake la kanisani, hakupenya kwenye pengo la ua safari hii, akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ikafika.

"Jina, mama?"

"Ntinyari."

"Unatoka wapi?"

Ntinyari akaelekeza fimbo kwenye ile kona nyekundu na nyeupe. Wambeti akaangalia fimbo ilikoelekea, akaangalia daftari lake, akaona hakuna nafasi ya kuandika kitu kama hicho. Akaruka mstari huo.

"Basi niambie wewe ni mgeni wa nani. Lazima niandike mwenyeji."

Ntinyari alimgeukia Thuranira aliyekuwa amesimama hapo na gari lake mkononi, akangoja, na foleni yote ikangoja naye.

"Wangu," Thuranira akasema. "Andika ni mgeni wangu."

Wambeti akaandika.