Matumbawe ya Meneja Xavery

Gidamis alikuwa mfugaji mpaka ngano ya serikali ilipomeza malisho yake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ngano ilipofika nyanda za Hanang, mwenyeji ndiye aliyeanza kuugua. Akauza ng'ombe waliobaki, akaomba kazi ya nyumbani kwa meneja wa shamba.

Meneja huyo, Xavery, alikuwa mtu wa Tanga, na bahari haikumtoka moyoni. Sebuleni aliweka tangi la kioo lenye maji ya bahari yaliyoletwa kwa madumu, taa na pampu zikiendeshwa na jenereta ya shamba. Ndani mlikuwa na matumbawe hai. Mengine magumu kama mawe, yakikua polepole. Mengine laini, yenye vidole vinavyofumba na kufumbua, na hayo yalitambaa kwa pupa.

"Haya laini yakiyafunika magumu, yanayaua," meneja alimfundisha. "Acha mchanga mtupu katikati, upana wa kiganja. Laini likivuka, libandue zima pamoja na ngozi yake. Ukilikatakata humo ndani, kila kipande kitaota upya."

Gidamis alielewa upesi kuliko meneja alivyodhani. Kaburi la baba yake, tuta la udongo ambalo ukoo mzima ulilijenga kwa heshima, lilikuwa ukingoni mwa ngano, na kila msimu trekta lilisogea. Makaburi ya jirani yalikwishalimwa. Hofu hiyo ilimnyima usingizi.

Siku moja, mkono ukiwa ndani ya maji, alisema, "Meneja, naomba baba yangu naye aachiwe nafasi kama hii."

Xavery hakuwa mtu mbaya. "Kaweke alama," alisema. "Nitamwambia dereva aikwepe."

Gidamis akaenda. Aling'oa nyasi mbichi, akazilaza juu ya kaburi kwa mikono miwili, nyingine akazizungusha chini. Kwa Wabarabaig, watu wa kabila lake, nyasi mbichi ni amani. Hata mwenye ugomvi akiwekewa, husimama. Akarudi na moyo mwepesi, mara ya kwanza tangu auze ng'ombe.

Dereva alikuwa mtu wa mkoa mwingine. Alitafuta kigingi au chokaa, akaona nyasi. Na nyasi, katika shamba la ngano, dawa yake ni moja. Akalima.

Gidamis alishinda kule akipapasa udongo, asijue tena kichwa cha baba yake kilielekea upande gani. Alilia, na hakujificha.

Aliporudi kazini, matumbawe laini yalikuwa yamevuka mchanga. Meneja alikwishapata habari. "Pole sana," alisema bila kumtazama. "Dereva anasema hakuona alama yoyote." Akachukua kofia, akaenda ofisini.

Gidamis akaingiza mkono. Alibandua taratibu, kila moja zima na ngozi yake, mpaka tumbawe gumu likaonekana. Nusu yake ilikuwa imekufa. Akatoka nje, akang'oa nyasi, akazilaza juu ya mfuniko wa tangi, mahali lilipo lile tumbawe.

Jioni meneja aliingia, akainama kutazama matumbawe yake.

"Gidamis, nani ameweka magugu hapa?"

"Mimi, meneja. Ndiyo alama yenyewe."

Xavery alikwishazikusanya azitupe. Akabaki nazo mkononi.