Neno la Kumwitia Takae

Isao Nagami alikuwa na miezi mitano tangu astaafu alipogundua kwamba mkewe haitiki tena.

Ilikuwa asubuhi. Wamekaa mezani, supu ya miso yenye chaza wadogo wa ziwani inafuka moshi kati yao. Isao aliinua vijiti vyake vya kulia akavielekeza kwenye rafu.

"Omae, sosi ya soya," akasema, kama alivyosema asubuhi zote za miaka thelathini na tisa ya ndoa yao.

Takae akaendelea kula. Isao akadhani labda masikio ya mkewe yameanza kuchoka, akapandisha sauti kidogo. "Omae."

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," Takae akasema, huku anamchomoa chaza taratibu kutoka kwenye gamba lake.

"Jina gani?"

"Hilo. Nimetazama kila chumba. Hayupo."

Isao akacheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Akainuka, akaifuata sosi mwenyewe.

Neno lenyewe si tusi. Ni ile "wewe" ambayo mwanamume humtupia mtu aliye chini yake au aliyemzoea mno: mdogo wake, rafiki wa utotoni, mbwa. Na mke. Hutembea pamoja na "ore", ile "mimi" ya kiume inayokaa kitako na miguu imetanuliwa. Lakini Isao alikuwa hivyo nyumbani tu. Kazini, miaka thelathini na minane ya kukagua tiketi kwenye treni ndogo inayopita kando ya Ziwa Shinji, hakuwahi kutamka "ore" hata mbele ya abiria mlevi. Kofia ikiwa kichwani alijiita "watakushi", mimi iliyopigwa pasi, na kila abiria alikuwa mheshimiwa. Jioni kofia ikitundikwa, na maneno yale yalitundikwa papo hapo.

"Na hilo ndilo linaloniuma," Takae alisema, Isao aliporudi na sosi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaongea kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu. "Watu usiowajua, wanaoshuka kituo cha pili, wamepewa maneno mazuri yote. Mimi niliyeifua hiyo sare nikabakiziwa makombo."

"Umeyatoa wapi haya?"

"Ukumbini."

Tangu majira ya kuchipua Takae alikuwa akienda kila Jumatano kwenye ukumbi wa mtaa kucheza mpira wa vinyoya na wastaafu wenzake. Huko kila mtu anaitwa jina lake. Kijana anayewafundisha, mdogo kuliko mwanawe wa mwisho, alimwita "Takae-san", jina pamoja na heshima yake, siku ya kwanza, naye akageuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

"Nikakuta nyuma yangu ukuta," akasema. "Ndipo nikajua kumbe ni mimi. Tangu mama afariki, jina langu nalisikia hospitali tu, wakiniita nikatolewe damu."

Isao alinywa supu yake. Alijua amebanwa, na mtu aliyebanwa hutafuta pa kutokea.

"Na mimi je?" akasema. "Naitwa Baba. Mimi si baba yako. Baba yako alikuwa muuza samaki, tena alikuwa na masharubu."

"Nilikuita hivyo kwa ajili ya watoto."

"Watoto wako Hiroshima. Mmoja ana upara."

Takae aliweka bakuli chini, akafikiri. "Kweli," akasema. "Hapo umenishika. Basi tuache yote mawili kuanzia leo. Na 'oi' pia. Oi ni ya kusimamishia teksi."

Wakakubaliana hivyo, na nyumba ikaingia katika wiki ya ajabu kuliko zote ilizowahi kuona.

Kumbe mtu akinyimwa neno la kumwitia mwenzake, hawezi hata kumuuliza kama chai ipo. Isao akitaka kusema maji ya kuoga yamepata moto, ilimbidi azunguke chumba kwa chumba mpaka amkute Takae bustanini, asimame mbele yake, ndipo aseme, "Maji tayari." Takae naye akitaka kumwambia simu inalia, alimvuta kwenye mkono wa shati. Siku ya tatu walikuwa wamejifunza kukohoa: kikohozi kimoja, njoo; viwili, njoo upesi. Jirani aliwaletea dawa ya kifua.

Isao hakuwa mtu wa kushindwa bila kujaribu. Alhamisi alisimama mlangoni mwa jiko, akajiweka sawa, akasema, "Anata."

Hilo ni neno zuri, halina kosa. Tatizo ni kwamba ndilo neno ambalo wake huwaitia waume zao, kwa sauti laini, wakiwasaidia kuvua koti. Takae alimtazama, akatazama sufuria, akamtazama tena. Kisha akaketi sakafuni, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni.

"Samahani," akasema akipata pumzi. "Nimeona kama vile uko karibu kuniuliza nitarudi saa ngapi kutoka kazini."

Ijumaa alijaribu "kimi", ile wewe ya mkubwa wa ofisi kwa wafanyakazi wake. Takae hakucheka, ila aliinamisha kichwa kama karani. "Ndiyo, bosi. Nahamishiwa tawi gani?"

Jumamosi Isao akaenda kunyolewa kwa Katsube, rafiki yake tangu shule, akamweleza habari yote akiwa na povu shingoni.

"Mke wako unamwitaje?" akamuuliza.

"Mimi? Namwita 'yule wa nyumbani'," Katsube akasema.

"Hiyo ni ukiwa naye mbali. Na akiwa mbele yako?"

Katsube alisimamisha wembe hewani, akawaza. "Akiwa mbele yangu," akasema polepole, "nakaa kimya. Sasa kwa nini usimwite jina lake tu?"

Isao akajipangusa povu kidevuni. Alikuwa amejaribu, peke yake chooni, mlango umefungwa. Mara ya mwisho kumwita Takae kwa jina lake walikuwa wachumba, kwenye jukwaa la kituo, naye alikuwa na nywele nyingi kichwani. Jina lile lilikuwa na ujana ndani yake. Kila alipolifikisha ulimini aliona haya kama mtu anayevaa suruali yake ya zamani na kukuta haifungi.

Wiki ya pili ilipofika katikati, mzee Fukuma, aliyekuwa mwenzi wa Takae katika mchezo wa wawili wawili, akainua gunia la mchele, mgongo ukakataa. Mashindano ya kirafiki ya kumbi za mtaa yalikuwa Jumapili. Takae alimkuta Isao akikata kucha barazani, akakohoa mara moja.

"Ulikuwa unacheza kwenye klabu ya reli," akasema.

"Zamani. Kabla magoti hayajawa na maoni yao."

"Jumapili nina pengo."

Isao akakata kucha mbili zaidi. "Raketi iko wapi?"

Jumapili ukumbi ulikuwa umejaa wazee wenye kaptula na soksi ndefu, na kijana yule mkufunzi alikuwa akipita na filimbi. Wapinzani wao walikuwa mume na mke kutoka Yasugi, wembamba wote wawili, waliocheza pamoja miaka mingi. Katika mchezo wa wawili lazima mtu aseme kinyoya ni cha nani. Wale wa Yasugi walikuwa wanasema kwa ufupi, mume "ore", mke "watashi", ile mimi ya adabu, kila mmoja akidai chake, na kinyoya kikarudi.

Isao alielewa upesi. Kinyoya cha kwanza kilipokuja akapiga kelele, "Ore," akakirudisha. Cha pili, "Ore." Cha tatu kilikwenda upande wa Takae kabisa, lakini Isao alikuwa amepata moto, akapita mbele yake, "Ore," na kikaenda nje. Alikimbia kulia, akakimbia kushoto, ore hapa, ore pale. Takae alisimama pembeni, raketi ameikumbatia kifuani, kama mgeni anayengoja kukaribishwa kiti. Wapinzani walipofika kumi na moja kwa nne, Isao alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema kama mbwa kwenye joto la Agosti.

Takae alikuja karibu, akampa taulo. "Nibakizie hata vitatu," akasema. "Nimevaa viatu."

Isao alijifuta uso. Akaitikia kwa kichwa.

Mchezo ulipoendelea, kinyoya kilikuja juu, katikati yao, taratibu kama kinafikiri. Isao aliona kabisa kwamba ni cha Takae, aliyekuwa amekaa vizuri kukipiga. Akafungua mdomo amwambie. "Om—" akasema, akajikata. Takae alisita, akimtazama. Kinyoya kikaanguka sakafuni kati ya viatu vyao vinne. Kumi na mbili kwa nne. Watu wakacheka, bila ubaya.

Kilichofuata kilikuwa vile vile, juu, katikati, na safari hii Isao hakupata muda wa kuona haya.

"Takae!"

Lilitoka kwa sauti ile ya kutangaza kituo cha mwisho, likagonga dari. Mkufunzi akageuka. Takae mwenyewe hakugeuka nyuma kutazama anaitwa nani. Aliruka kiasi cha umri wake, akapiga, kinyoya kikapita wavu na kuzama miguuni mwa mume wa Yasugi kabla hajasema ore.

Alipotua, masikio yake yalikuwa mekundu. Isao naye alijiona shingo yote inawaka moto. Hawakutazamana. Lakini kinyoya kilichokuja baadaye upande wa Isao, Takae alikiacha, akasema, si kwa nguvu, "Isao-san," na Isao akakipiga kama kijana wa reli.

Kuanzia hapo walianza kucheza. Takae, Isao-san, Takae, Isao-san. Mara mbili waliitana kwa pamoja na kugongana mabega. Mwishowe walishindwa kwa pointi nne tu. Walipeana mikono chini ya wavu, na mke wa Yasugi, mwenye macho ya kucheka, akamshika Takae kiwiko.

"Samahani kuuliza," akasema. "Nyie wawili mmeoana karibuni?"

"Mwaka wa thelathini na tisa sasa," Takae akajibu.

"Basi mnaitana kama watu wa mwezi wa kwanza wa ndoa."

Isao akajifanya anatafuta mfuniko wa chupa yake ya maji.

Jioni waliingia duka la tambi za ngano nyeusi karibu na kituo. Isao alikuwa anatembea kama mlango wenye bawaba mbovu. Alimimina mchuzi juu ya tambi za mkewe kwanza, kisha zake.

"Nikuambie kitu," akasema, akitazama bakuli. "Uwanjani inatoka. Hapa, pamekaa kimya hivi, ni kazi."

"Ongeza '-san' kama inasaidia. Kwa abiria ilikuwa inasaidia."

Akajaribu. "Takae-san."

"Naam."

"Hakuna. Nilikuwa najaribu tu." Akala kidogo. "Na ile 'ore' je, niiache pia? Nijiite 'watashi' humu ndani?"

Takae alifikiri huku anatafuna. "Hiyo ore yako kaa nayo, ni yako. Mimi nilikuwa nadai langu."

Haikwenda sawa siku zote. Mwezi uliofuata Isao alipata homa, na Takae, akimwekea kitambaa cha maji, alimwita Baba mara tano, naye akaitika mara zote tano bila kulalamika. Usingizini Isao bado husema omae, na Takae anadai anazungumza na mbwa waliyekuwa naye zamani. Lakini dawa ya kifua ilirudishwa kwa jirani, chupa haijafunguliwa. Na mzee Fukuma, mgongo wake ulipopona, alifika ukumbini na raketi yake mpya, akaambiwa kwa heshima zote atafute mwenzi mwingine.