Kanda Yenye Sauti ya Ruksa

Watu wa Igoma hupenda kusema Ruksa, mbwa wa Dorotea, aliuawa na tabia zake, na kusema kweli hawakosei sana. Ruksa alizaliwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa: kuuza mitumba, kununua pamba bila kupitia ushirika, kufungua duka sebuleni kwako. Naye aliyaelewa mageuzi kuliko wengi wetu. Aliingia jikoni kwa watu bila hodi. Aliiba kiatu cha katekista, kimoja tu, cha kushoto, na hakijaonekana hadi leo. Mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vilituachia sisi wananchi tukayakaanga na kushukuru, yeye aliyanusa akageuza uso. Alitaka mnofu. Na aliupata, maana Dorotea alikaanga sato kando ya barabara ya Musoma, na mkono wake ulikuwa wazi zaidi kwa mbwa huyo kuliko kwa wateja.

Tabia iliyomuua ni kufukuza malori ya samaki. Aliyafukuza miaka sita na yote aliyashinda, kwa kuwa yote yalikimbia. La mwisho lilirudi nyuma.

Dorotea alimzika nyuma ya nyumba, akalia mchana kweupe. Jirani mmoja akauliza kwa kejeli matanga yataanuliwa lini. Dorotea akamwambia keshokutwa, na asije mikono mitupu.

Picha ya Ruksa haikuwepo. Nani Igoma angepoteza filamu kwa mbwa? Kilichobaki ni kanda moja ya kaseti.

Mwaka mmoja kabla, kwaya ya kigango iliazima redio kaseti, ikafunga madirisha ya kanisa na kurekodi nyimbo nane. Dorotea, mwimbaji wa sauti ya pili na mtunza vifaa wa kwaya, alimwacha Ruksa nyumbani amefungwa kwa kamba ya katani. Ruksa aliikata kwa meno. Katika wimbo wa tatu, pale besi wanapobaki peke yao, alisukuma mlango, akaingia na kipande cha kamba shingoni, akaketi, akainua pua juu na kuachia mlio mrefu. Wanaojua muziki wanasema hakutoka nje ya sauti. Kisha kwenye kanda inasikika sauti ya mwanamke, ya chini kabisa: “Nyamaza, mwanangu. Mama yupo hapa.”

Kanda ya pili haikuwepo, kwa hiyo waliendelea. Baada ya mazishi Dorotea aliitoa kabatini, akawa anaisikiliza kila akirudi kutoka kwenye sato zake, huku bado ananuka mafuta. Wimbo wa tatu tu. Alimkumbuka mpaka kifua kikamuuma, na hakuona sababu ya kumficha mtu jambo hilo.

Wiki ya tatu, Mwalimu Chenge, kiongozi wa kwaya, akatangaza kwamba Jumamosi watarekodi upya, juu ya kanda ileile. Jumamosi ikafika, na Dorotea akaingia kanisani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Dorotea. Umekuja na kanda?”

“Nimekuja na mpya, hata nailoni yake haijatoka. Ile ya zamani niachieni mimi.”

Mwalimu akaigeuzageuza ile mpya, kisha akaiweka mezani. “Nilisema ileile.”

“Kwani hii ina kasoro gani?”

Akamvuta pembeni, akashusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, Mwalimu Chenge. Alikuwa na huruma ya namna ile inayouma kuliko tusi.

“Dada yangu, mimi nataka kukusitiri. Lile neno ulilomwambia yule mnyama limo mle ndani. Wewe na Josephat mna miaka kumi na saba ya ndoa, na Mungu bado hajawajalia mtoto. Kanda ilishapita nyumba kwa nyumba, watu wanacheka. Unajua ukipita wanakuitaje? Mama Ruksa. Tulifute, yaishe.”

Dorotea alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo. Lilimchoma. Wenzake wote aliopokea nao komunyo ya kwanza walishabadilika, huyu Mama Winnie, yule Mama Paulo. Yeye peke yake alibaki Dorotea, vilevile alivyoandikwa kwenye cheti cha ubatizo. Kumbe jina lake lilikuwepo siku zote, wao ndio walikuwa wanamficha.

Akawageukia wanakwaya.

“Kwa hiyo mnaninong'ona? Haya, nilimwita mwanangu. Humuhumu, mbele ya altare, na Mungu hakunikemea. Wa kwanza kunikemea ni Mwalimu. Ruksa alikuwa mwizi, sikatai. Alikuwa mtundu, aliniaibisha kwa katekista. Lakini nikirudi kutoka barabarani alinipokea kama mtu aliyefufuka, kila siku ya Mungu, miaka sita. Kanda siitoi. Na hilo jina, mwenye kulisema aliseme mbele yangu, nimwitikie.”

Akaenda kusimama mahali pake kwenye sauti ya pili, kanda ya zamani akiwa ameikumbatia kifuani.

“Dorotea,” akasema Mwalimu Chenge.

Hakuitika.

“Dorotea, tafadhali. Redio ni ya watu, tumeiazima.”

Alimtazama machoni na hakuitika. Besi mmoja akakohoa. Sauti ya kwanza wakatazama sakafu, maana wao ndio waliolisambaza lile jina zaidi, na kila mtu alijua. Mwalimu akafungua kitabu cha nyimbo, akakifunga, akavua miwani. Hakuna aliyemsaidia.

“Mama Ruksa,” akasema hatimaye.

“Abee, Mwalimu,” akaitika Dorotea kwa sauti iliyofika hadi nje, na machozi yakamtiririka mbele ya kwaya nzima wala hakuyafuta.